Mvua au Kuvu? Historia ya Kuutambua Uozo wa Viazi, kutoka Flanders hadi Nyanda za Itombwe

Kitenzi kuoza hakibagui. Samaki huoza, jino huoza, boriti ya nyumba huoza, na kiazi nacho huoza. Mchuuzi wa soko la Baraka anayefungua gunia la viazi vilivyoteremshwa kutoka nyanda za juu za Itombwe, akakuta sehemu kubwa imelainika na kutoa harufu, husema tu kwamba viazi vimeoza, na kwa biashara yake neno hilo latosha, kwani hasara ni hasara. Kwa mkulima aliyevipanda halitoshi hata kidogo. Ndani ya gunia lile lile mwaweza kuwamo uozo wa aina tatu au nne, kila mmoja una kisababishi chake. Upo uliotoka shambani, upo ulioanzia ghalani, na upo uliokuwa umejificha ndani ya mbegu tangu siku ya kupanda. Wataalamu wa mimea walihitaji zaidi ya karne moja kuutenganisha uozo huo aina kwa aina. Historia ya kazi hiyo yawahusu pia wanafunzi wa lugha, kwa kuwa kwa sehemu kubwa ni historia ya mabishano juu ya majina.

Wilaya ya Fizi ina pande mbili zisizofanana. Pwani ya Ziwa Tanganyika, uliko mji wa Baraka, ni nchi ya joto iliyo katika kimo cha meta 770 hivi juu ya usawa wa bahari; watu wake hula bukari wa mihogo kwa ndagala, na kiazi cha mviringo hakistawi huko. Magharibi ya pwani hiyo nchi hupanda hadi kupita meta 2000, kwenye majani ya malisho, baridi ya usiku na ukungu wa asubuhi. Huko juu, Minembwe na sehemu zinazoizunguka, kiazi hustawi pamoja na mahindi na maharage. Jina lake lenyewe laonyesha kwamba ni mgeni. Kiswahili cha pwani ya Bahari ya Hindi kina mbatata, neno la Kireno. Kina pia viazi Ulaya, na viazi mviringo ili kuvitofautisha na viazi vitamu. Wanyarwanda husema ibirayi na Warundi ibiraya, na ndani ya maneno hayo mawili jina la Ulaya lasikika bado. Zao hili lililetwa katika nchi za Maziwa Makuu na wamisionari na watawala wa kikoloni mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa miaka kadhaa lilistawi bila adui yake mkubwa, ambaye alikuwa bado njiani.

Adui huyo aliijia Ulaya kwanza, na namna alivyoijia ina kinaya chake. Mnamo mwaka 1842 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Carl von Martius, alieleza ugonjwa uliokuwa ukiharibu viazi ghalani: kiazi hunywea, ngozi hukunjamana, ndani hubaki mapango makavu yenye utando wa kuvu. Kuvu aliyoieleza ni ya jamii inayoitwa leo Fusarium. Huu ndio uozo mkavu, na ni kuvu ya kweli iliyotambuliwa mapema. Sasa, wakulima wa Flanders Magharibi, nchini Ubelgiji, walipochoshwa na mbegu zao zilizodhoofika kwa uozo mkavu na maradhi mengine, waliletewa mbegu mpya kutoka Amerika katika miaka ya 1843 na 1844. Austin Bourke, mwanasayansi wa hali ya hewa wa Ayalandi aliyeichunguza historia hiyo kwa undani, aliona kwamba pengine ni mbegu hizo zilizouleta ugonjwa mpya. Dawa ya uozo mmoja ikawa mlango wa uozo mwingine. Katika majira ya joto ya mwaka 1845 mashamba ya jirani na Kortrijk yaligeuka meusi kwa siku chache. Inakadiriwa kwamba Ubelgiji ilipoteza asilimia 87 ya mavuno yake ya viazi mwaka huo, na katika miaka iliyofuata walikufa watu kati ya 40,000 na 50,000. Ayalandi, ambako maskini walitegemea kiazi karibu peke yake, ilipoteza watu wapatao milioni moja kwa njaa na maradhi, na wengine milioni moja hivi waliihama nchi.

Ndipo ukaanza ubishi. Huko London John Lindley, mhariri wa gazeti la wakulima wa bustani na mmoja wa wasomi wakubwa wa mimea wa wakati wake, alishikilia kwamba chanzo kilikuwa mvua. Viazi, alidai, vilikunywa maji kupita kiasi wakati wa baridi na mawingu, navyo vikaoza. Utando mweupe ulioonekana kwenye majani ulikuja baadaye tu, kama funza wanavyokuja juu ya mzoga. Upande wa pili walisimama watu wachache, wengi wao wasio na vyeo vikubwa. Charles Morren, profesa wa Liège, alitangaza gazetini mwezi Agosti 1845 kwamba utando huo ndio wenyewe ugonjwa. Mwezi huo huo Marie-Anne Libert wa Malmedy, mji uliokuwa wakati huo chini ya Prusia na ambao leo uko Ubelgiji, aliueleza na kuupa jina. Na huko Paris Camille Montagne, aliyekuwa tabibu katika jeshi la Napoleon, aliupa jina jingine, Botrytis infestans. Kasisi Mwingereza Miles Berkeley alichapisha Januari 1846 makala yenye michoro ya hadubini, akatetea kwamba kuvu ilitangulia na uozo ukafuata. Hakusadikiwa na wengi. Serikali ya Uingereza ilikuwa imekwisha kumteua Lindley kuwa mmoja wa tume iliyotumwa Ayalandi, nayo tume ikawashauri wakulima wavianike na kuvihifadhi viazi mahali pakavu. Wakulima walifanya hivyo, na viazi viliendelea kuoza.

Yafaa kukumbuka hapa kwamba Waswahili wana methali isemayo samaki mmoja akioza huoza wote. Aliyeitunga hakuwa na hadubini, lakini alikwisha kuona kwamba uozo una mwendo, kwamba hutoka kwa mmoja ukamwingia mwenziwe. Katika jambo hili methali ilikuwa mbele ya tume.

Aliyeumaliza ubishi ni Mjerumani Anton de Bary, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1861. Alizichukua spora za ugonjwa, akaziweka juu ya mimea mizima, akaacha mimea mingine ya aina hiyo hiyo bila spora katika hali ile ile ya unyevu. Iliyowekewa iliugua; isiyowekewa haikuugua. Mwaka 1876 alikipa kiumbe hicho jina lililodumu hadi leo, Phytophthora infestans, ambalo sehemu yake ya kwanza kwa Kiyunani ni mwangamiza mimea. Hata hivyo de Bary hakuifukuza mvua katika hadithi. Aliona kwamba kijifuko cha spora kikianguka katika tone la maji baridi hupasuka, na kutoka ndani yake huja vijimbegu vyenye vijimkia viwili, vinavyoogelea juu ya jani hadi vipate mahali pa kupenya. Pasipo maji havifiki popote. Lindley alikosea kuhusu kisababishi, ila hakukosea kuona kwamba ugonjwa na mvua ni marafiki wa karibu.

Katika Kinyarwanda ugonjwa huu huitwa imvura, yaani mvua. Msomi wa haraka angesema kwamba ni jina la watu wasiojua kisababishi, ambao walichanganya wakati na chanzo kama Lindley alivyochanganya. Hukumu hiyo haina haki. Jina la ugonjwa kwa mkulima halikuundwa ili kupanga viumbe katika jamii zao. Liliundwa ili kumwonya mtu awe macho wakati gani. Anayesema imvura amekwisha kusema ni msimu upi wa kuogopa, na kwa nini shamba la bondeni lililofunikwa na umande huugua kabla ya lile la mgongoni lenye upepo. Hayo yote ni kweli. Kinachokosekana katika jina hilo ni kimoja tu: kwamba mvua peke yake, pasipo kiumbe chenyewe, haiozeshi kitu.

Na kwa miaka mingi mvua ilinyesha Afrika Mashariki bila kiumbe hicho. Kilionekana mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1941, na R. M. Nattrass, mtaalamu wa magonjwa ya mimea wa serikali ya koloni, alikieleza mwaka 1944 katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki. Ilidhaniwa kwamba kiliingia pamoja na mbegu zilizoagizwa Uingereza. Hali ikawa kama ya Flanders tena. Katika miaka hiyo ya 1940 kilienea magharibi kwenye nyanda za juu za Maziwa Makuu. Kiliwakuta Wanyarwanda wakati mbaya kuliko wote: njaa ya Ruzagayura ya mwaka 1943 na 1944, ambayo sababu yake kuu ilikuwa ukame, ilizidishwa na mashamba ya viazi yaliyoharibiwa na ugonjwa mgeni. Watu wengi walivuka mpaka kuingia Kongo ya Kibelgiji kutafuta chakula. Nchini Kenya jibu lilitafutwa Uskoti, katika kituo cha kuzalisha mimea cha Roslin, ambako viazi vya kawaida vilichanganywa na viazi-mwitu vya Meksiko vyenye uwezo wa kuuhimili ugonjwa. Moja ya aina zilizotokana na kazi hiyo, Roslin Eburu, ililimwa Kenya kwa miongo mingi.

Kongo ilikuwa na taasisi yake ya utafiti wa kilimo, INEAC, iliyoanzishwa mwaka 1933 na kuwa na makao yake Yangambi. Kituo chake cha Kivu kilikuwa Mulungu, karibu na Bukavu, na hamu yake kubwa ilikuwa kahawa, chai na mikwinini, mazao ya walowezi na ya kuuza nje. Mulungu iko mbali na Fizi kwa maili, na baada ya uhuru ikawa mbali zaidi kwa siasa. Uasi wa 1964 uliifanya Fizi kuwa ngome ya mwisho ya waasi. Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma mwezi Aprili 1965 na kukaa milima hiyo kwa miezi saba. Kuanzia 1967 chama cha Laurent-Désiré Kabila kilijenga maficho yake huko Hewa Bora, na sehemu za Fizi zilibaki nje ya mkono wa serikali hadi katika miaka ya 1980. Ndiyo maana mwaka 1982, Zaire, Rwanda na Burundi zilipoanzisha mradi wa pamoja wa kuendeleza kiazi, PRAPAC, kwa msaada wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi cha Lima, ramani ya utafiti na ramani ya viazi vilivyolimwa hazikulingana. Nyanda za Itombwe zilikuwa na kiazi na zilikuwa na uozo wake. Bwana shamba ndiye aliyekuwa adimu.

Kazi ya miaka ile ililazimika kushughulika na adui wa pili, ambaye si kuvu kwa maana yoyote. Ni bakteria. Erwin Smith, Mmarekani, alimweleza mwaka 1896. Tangu 1995 jina lake ni Ralstonia solanacearum. Mmea hunyauka ghafla huku majani yangali ya kijani, kana kwamba umekosa maji, ilhali udongo umelowa. Wanyarwanda huuita ugonjwa huu kirabiranya, jina wanalolitumia pia kwa mnyauko wa migomba. Aina ya kiazi iitwayo Cruza 148, iliyopitia kituo cha Lima, ilipendwa Rwanda, Burundi na Kivu kwa sababu huuvumilia mnyauko na pia ugonjwa wa mvua. Warundi waliipa jina la Ndinamagara. Lakini kuvumilia si kuponywa. Kiazi cha aina inayovumilia chaweza kubeba bakteria bila dalili yoyote, na mkulima akakichagua kuwa mbegu kwa sababu ni kizuri.

Hapa ndipo utambuzi unapokuwa suala la chakula cha nyumba nzima. Mwenye shamba lililonyauka akiambiwa tu kwamba viazi vyake vina ugonjwa wa kuoza, atauza kuku anunue dawa ya kunyunyizia majani. Dawa hiyo haimgusi bakteria aliye ndani ya shina na udongoni. Fedha itakwenda, mavuno yatakwenda, na msimu ujao atapanda tena mbegu ile ile katika udongo ule ule. Kumbe uchunguzi wenyewe hauhitaji maabara. Shina la mmea ulionyauka hukatwa karibu na ardhi, kipande chake kikaning'inizwa katika glasi ya maji safi. Ikiwa ni bakteria, baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa hushuka kutoka kwenye mkato. Kiazi nacho kikikatwa huonyesha duara la rangi ya kahawia, na kikiminywa hutoa ute. Ugonjwa wa mvua una alama tofauti. Asubuhi, kabla umande haujakauka, upande wa chini wa jani huonekana utando mwembamba mweupe ukingoni mwa doa. Kiazi chenyewe huwa na mabaka ya kahawia nyekundu chini ya ngozi, makavu na yenye chembechembe, yasiyonuka. Uozo mkavu wa Martius hunyweza kiazi ghalani na kuacha mapango yenye kuvu nyeupe au ya waridi. Uozo laini, ambao pia ni wa bakteria, hugeuza nyama kuwa uji wenye harufu kali. Huu hufuata mara nyingi nyuma ya ule mwingine, na kwa kuwa ndio unaonuka ndio unaolaumiwa. Kwenye gunia la Baraka, lililobebwa kutoka baridi ya mlimani hadi joto la ziwani, harufu ni ya mgonjwa wa mwisho, wala haielezi wa kwanza alikuwa nani.

Lipo jambo jingine lililowachelewesha hata wataalamu. Berkeley, Morren na de Bary waliita Phytophthora kuvu, na vitabu vikawafuata kwa miaka mingi. Uchunguzi wa karne ya 20 ulionyesha vingine. Kuta za seli za kuvu zimejengwa kwa kitini, ile ile iliyo katika gamba la mdudu. Kuta za kiumbe hiki zimejengwa hasa kwa selulosi. Ukoo wake uko karibu na mwani wa kahawia wa baharini kuliko uyoga. Ni kiumbe cha majini kilichojifunza kukaa juu ya majani. Tofauti hii si ya kamusi tu. Metalaksili, dawa iliyoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1970, hukishambulia kiumbe hiki na jamaa zake, lakini haiiwezi kuvu ya kweli kama Fusarium. Na mapema, mwaka 1980, tayari kulionekana huko Ulaya koo za ugonjwa zisizojali dawa hiyo. Utambuzi wa leo hushuka hadi kwenye koo hizo. Mwaka 2013 wachunguzi walisoma chembe za urithi kutoka majani ya viazi yaliyokaushwa na kuhifadhiwa makumbusho tangu karne ya 19, wakagundua kwamba ukoo ulioleta njaa ya Ayalandi haukuwa ule ulioenea duniani katika karne ya 20, kama ilivyodhaniwa. Afrika Mashariki nayo imebadilishiwa mgeni: ukoo wa zamani umesukumwa pembeni, kuanzia Kenya, na ukoo mwingine wa kutoka Ulaya.

Hivyo Kiswahili kiuite nini ugonjwa huu? Tanzania wataalamu wa kilimo husema ukungu wa viazi au bakajani chelewa, na bakteria wakampa mnyauko. Mashariki ya Kongo, ambako bwana shamba alisomea Kifaransa, husikika mildiu. Historia imeyakutanisha majina haya Baraka. Vita vya 1996 viliwavusha ziwa maelfu ya watu wa Fizi hadi kambi za Kigoma, Nyarugusu na Lugufu. Tangu Oktoba 2005 meli za Umoja wa Mataifa zilianza kuwarudisha, na gati lao lilikuwa Baraka. Walirudi na Kiswahili cha Tanzania vinywani. Bakajani lina faida ya kuonyesha alama, lakini ni jina la jani, na mchuuzi haoni jani. Yeye huona kiazi. Kuvu, ambalo baadhi ya waandishi hulipendelea kwa kudhani ni la kisayansi zaidi, sasa ndilo lililo mbali na sayansi kuliko yote.

Ukungu ni neno la ajabu kidogo. Ni utando wa uozo juu ya mkate, na ni ule mvuke mweupe unaofunika milima ya Itombwe alfajiri. Mildiu nalo Wafaransa waliliazima kwa Waingereza katika karne ya 19, ugonjwa wa mizabibu ulipowajia kutoka Amerika, ugonjwa ambao Millardet wa Bordeaux aliupatia dawa ya mrututu na chokaa mwaka 1885. Na katika Kiingereza cha kale maana yake ilikuwa umande wa asali. Mvua kwa Wanyarwanda, ukungu kwa Waswahili, umande kwa Wazungu: lugha tatu zilimtaja kwa maji kiumbe ambaye mababu zake walikuwa wa majini. Bakteria wa mnyauko hana jina la namna hiyo, na katika mapigano yaliyopamba moto nyanda za juu tangu 2017, mbegu husafiri pamoja na waliokimbia, mfukoni na katika vitunga, bila mtu wa kuikata shina na kulitia katika glasi.